Kubadili chupa si kubadili dawa: ombi kuhusu viuatilifu vya mikorosho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo huku kwetu Newala linatugusa kila mwaka mikorosho inapochipua majani mapya na kuanza kutoa maua, nalo ni dawa za fangasi tunazopulizia dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa fangasi unaofunika maua kwa unga mweupe. Magazeti yetu, likiwemo hili lako, huandika mengi kuhusu pembejeo hizi: zimefika au zimechelewa, zimetosha au zimepungua, mkulima amepata mifuko mingapi na chupa ngapi. Habari hizo zinahitajika na ninazisoma kwa makini. Hata hivyo, karibu kila mara dawa zenyewe hugawanywa katika mafungu mawili tu, salfa ya unga na dawa ya maji, na maelezo yakaishia hapo. Msomaji hubaki na moja ya mawazo mawili: ama kwamba chupa zote za maji zina kitu kilekile kisichohitaji kutajwa, ama kwamba kila chupa yenye jina na rangi yake ni dawa tofauti na jirani yake. Mawazo yote mawili si sahihi, na hilo la pili linaweza kutugharimu zao letu. Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari na pia ni mkulima wa korosho, na kwa maoni yangu suala hili halieleweki mpaka tuingie kwenye kemia yenyewe, hasa kwenye pete ndogo yenye naitrojeni iliyomo katika dawa nyingi za maji ambazo zimetumika kwenye mikorosho yetu.

Wakulima wa umri wangu hawahitaji kukumbushwa uzito wa ugonjwa huu. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, na kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa, zikiwemo watu kuhamishiwa vijijini mbali na mashamba yao na bei isiyomtia mkulima moyo, lakini ubwiriunga, ambao ulianza kuripotiwa nchini mwaka 1979, ulimaliza kilichokuwa kimebaki. Anayetaka kuufahamu aende shambani asubuhi, avute karibu shada la maua lililoshambuliwa: ataona unga mweupe umelala juu ya vikonyo na vitumba, na chini ya unga huo vitumba vimegeuka rangi ya kahawia, havikuchanua wala havitachanua, na ukilitikisa shada vinapukutika mkononi. Unga ule ni nyuzi na mbegu za fangasi aliye hai anayefyonza chakula cha mti, na kila atakachofyonza kimetoka kwenye korosho ambayo haitazaliwa.

Salfa nitaipitia haraka kwa sababu kemia yake haina mafumbo mengi. Ni elementi moja, isiyochanganywa na nyingine, na inamdhuru fangasi kwa kuvuruga mambo mengi ndani ya seli yake kwa wakati mmoja. Wakulima wa mizabibu wa Ulaya wameitumia dhidi ya ubwiriunga wa kwao tangu katikati ya karne ya 19, na mpaka leo inafanya kazi, kwa kuwa ni vigumu mno kwa kiumbe kubadilika katika sehemu nyingi kwa pamoja ili kukwepa sumu moja.

Dawa za maji ninazozungumzia zina historia nyingine kabisa, na ili kuieleza naomba msomaji anivumilie nianze na benzini, ambayo wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanaifahamu. Benzini iligunduliwa na Michael Faraday mwaka 1825, na mwaka 1865 August Kekulé alipendekeza kwamba atomu zake sita za kaboni zimeshikana kwa kuzunguka, zikafanya pete. Kila kaboni hutoa elektroni moja kwa ajili ya wote, na elektroni hizo sita hazibaki kati ya atomu mbili maalumu, bali huenea pete nzima, juu na chini ya bapa lake. Darasani hutumia mfano wa watu wanaokula sinia moja: kila mmoja ameleta sehemu yake, lakini chakula kikishamwagwa siniani hakuna tena cha fulani. Mwaka 1931 Erich Hückel alionyesha kwa hesabu kwa nini pete bapa yenye elektroni sita za namna hiyo inakuwa imara kuliko mtu angetarajia. Pete zenye sifa hiyo huitwa za aromatiki, nazo hazivunjiki kwa urahisi, jambo ambalo ni sehemu ya sababu dawa zilizojengwa juu yake zinaweza kukaa shambani kwa majuma bila kuharibika.

Sasa tuondoe kaboni moja ya benzini pamoja na haidrojeni yake, tuweke naitrojeni mahali pake. Tunapata piridini, ambayo fomula yake ni C5H5N. Mkemia wa Scotland, Thomas Anderson, aliitenga katikati ya karne ya 19 kutoka kwenye mafuta yanayopatikana mifupa inapochomwa pasipo hewa, na miaka ishirini hivi baadaye Wilhelm Körner, mwaka 1869, na James Dewar, mwaka 1871, kila mmoja kwa njia yake alieleza kwamba ni pete ya benzini iliyobadilishwa atomu moja. Mabadiliko hayo yanaonekana madogo yakichorwa ubaoni, lakini matokeo yake ni makubwa. Naitrojeni ina elektroni tano za nje. Mbili inazitumia kushikana na kaboni za kulia na kushoto, moja inaitoa kwenye sinia kama wenzake, na mbili zinabaki. Jozi hiyo iliyobaki haiingii siniani. Inalala kwenye bapa la pete, imeelekea nje, tayari kushika chochote kinachohitaji elektroni.

Jozi hiyo ndiyo inayoifanya piridini iwe na tabia ambazo benzini haina. Benzini haichanganyiki na maji isipokuwa kwa kiasi kidogo sana, chini ya gramu mbili kwa lita, wakati piridini huchanganyika na maji kwa kiwango chochote, kwa sababu haidrojeni za maji hushikwa na jozi ile. Benzini huchemka kwenye nyuzi 80 za Selsiasi, piridini kwenye nyuzi 115. Ukiimimina piridini kwenye asidi hidrokloriki inapokea protoni na kufanya chumvi, kwa maana ni besi, ingawa dhaifu kuliko amonia. Na muhimu kuliko yote kwa barua hii, jozi hiyo hupenda kushika atomu za metali kama chuma, shaba na zinki. Pete hii si ngeni katika maisha yetu: imo ndani ya vitamini B3, ambayo kuikosa huleta ugonjwa wa pelagra, na imo ndani ya izoniazidi, dawa ya kifua kikuu iliyoanza kutumika mwaka 1952 na ambayo bado inatolewa katika zahanati zetu.

Kuna ndugu wa piridini anayeitwa piroli, na kuwalinganisha wawili hawa ni somo ambalo mimi binafsi naliona kuwa zuri kuliko yote katika kemia ya kaboni. Piroli ni pete ya atomu tano: kaboni nne na naitrojeni moja yenye haidrojeni yake. Kaboni nne huleta elektroni nne tu, nazo hazitoshi. Ili sinia litimie elektroni sita, naitrojeni inalazimika kutoa jozi yake yote. Sinia limejaa, pete ni ya aromatiki, lakini naitrojeni haikubaki na kitu cha kumpa mgeni, na kwa hiyo piroli si besi ya kutajika ingawa ina naitrojeni kama piridini. Atomu ileile, katika pete mbili zinazofanana machoni, ina tabia mbili zinazopingana, na kinachoamua ni mahali jozi ya elektroni ilipolala.

Pete iliyomo katika dawa zetu za maji inaitwa triazoli, na ndani yake naitrojeni za aina zote mbili zimekutana. Ina atomu tano: kaboni mbili na naitrojeni tatu. Kaboni mbili hutoa elektroni mbili. Naitrojeni ya kwanza, ambayo ndiyo iliyoungana na mwili mwingine wa dawa, hutoa jozi yake yote kama ya piroli. Naitrojeni mbili zilizobaki hutoa elektroni moja moja kama ya piridini, na kila moja inabakiwa na jozi yake iliyoelekea nje. Mbili, na mbili, na mbili, jumla sita. Pete ni imara, na wakati huohuo ina jozi huru zinazotafuta metali ya kushika. Mwanafunzi anayeijua hesabu hii anaweza kueleza, kabla hajaambiwa, kwa nini kitu cha namna hiyo kinaweza kuwa dawa.

Fangasi, kama sisi, seli zake zimezungukwa na utando, na utando huo unahitaji kiungo cha kuupa uimara. Sisi tunatumia kolesteroli, na fangasi walio wengi wanatumia ergosteroli. Katika kuitengeneza ergosteroli ipo hatua moja ambapo kimeng'enya kiitwacho CYP51 kinaondoa kaboni moja iliyojitokeza kwenye malighafi yake. Moyo wa kimeng'enya hicho ni atomu ya chuma iliyoshikwa na naitrojeni za pete nne za jamii ya piroli, muundo uleule wa hemu unaobeba oksijeni katika damu yetu. Chuma hicho kinatakiwa kushika oksijeni ili kazi ifanyike. Triazoli inapofika, naitrojeni yake ya nafasi ya nne inashika chuma hicho kwa jozi yake huru, mahali palepale ambapo oksijeni ingekaa, na kazi inasimama. Malighafi isiyokamilika inarundikana, ergosteroli inapungua, utando wa seli unalegea, na nyuzi za ubwiriunga zinashindwa kuendelea kukua juu ya maua. Sisi binadamu pia tunacho kimeng'enya cha jamii hiyo, na ndiyo maana dawa hizi hazitakiwi kuchezewa, lakini mwili mwingine wa dawa umeundwa ukae vizuri zaidi ndani ya kimeng'enya cha fangasi kuliko ndani ya chetu.

Huo mwili mwingine ndio unaozitofautisha dawa hizi, na ni hapa ninapoomba msomaji asimame kidogo. Triadimenoli, heksakonazoli na penkonazoli ni majina matatu ambayo wataalamu wa korosho wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, wameyafahamu kwa muda mrefu. Heksakonazoli ina pete ya benzini yenye klorini mbili, kundi moja la oksijeni na haidrojeni, na mkia wa kaboni nne. Penkonazoli ina pete ileile yenye klorini mbili zikiwa mahali palepale, haina kundi lile la oksijeni na haidrojeni, na mkia wake una kaboni tatu. Triadimenoli ina klorini moja na umbo linaloachana nao zaidi. Lakini zote tatu zinaishia kwenye triazoli ileile, inayoshika chuma kilekile cha kimeng'enya kilekile. Kwa fangasi ni njia moja ya kufa.

Msimu uliopita mzee mmoja jirani yangu aliniita barazani kwake nimsomee maandishi ya chupa, kwa kuwa yaliandikwa kwa herufi ndogo na sehemu kubwa ilikuwa kwa Kiingereza. Alizipanga chupa tatu kwenye benchi, mbili tupu na moja ikiwa haijafunguliwa, kila moja ya kampuni yake, moja yenye mfuniko mwekundu na nyingine mbili za bluu. Akaniambia, "Mwalimu, hii ya kwanza niliona imechoka, nikaibadilisha, ya pili nayo sikuridhika nayo, sasa nimenunua hii." Nilitafuta mstari unaotaja kiambato kinachofanya kazi. Chupa ya kwanza ilikuwa heksakonazoli. Ya pili ilikuwa heksakonazoli pia, kwa kiasi kilekile katika lita. Ya tatu, ambayo alikuwa ameilipia fedha zake mwenyewe baada ya kuona zile za awali hazimfai, ilikuwa penkonazoli. Mzee huyu ni mkulima hodari, anapogoa mikorosho yake, anafyeka shamba kwa wakati, na alifanya kile ambacho akili timamu inamwelekeza mtu afanye dawa inapomshinda, yaani kutafuta nyingine. Aliyemwangusha ni lebo ambayo haikumwambia kwamba nyingine hiyo ni ileile.

Hatari yake imekwisha kuonekana kwingine. Mwaka 1997 watafiti nchini Ufaransa walieleza jinsi ubwiriunga wa mizabibu, ambao ni wa ukoo mmoja na huu wa mikorosho, ulivyopata usugu dhidi ya triadimenoli. Protini ya kimeng'enya cha CYP51 ni mnyororo mrefu wa mamia ya asidi-amino. Katika vimelea sugu walivyovichunguza, asidi-amino ya nafasi ya 136 ilikuwa imebadilika kutoka tairosini kuwa fenilalanini. Tofauti kati ya hizo mbili ni atomu moja ya oksijeni. Hiyo ilitosha kuhusishwa na dawa kupoteza makali. Linganisha na salfa, inayogonga sehemu nyingi, na utaona kwa nini dawa iliyo bora na yenye shabaha kali inahitaji uangalizi mkubwa kuliko ile ya kale. Fangasi mmoja mwenye badiliko hilo akibaki hai baada ya dawa kupuliziwa, ndiye atakayezaa, na mbegu zake huchukuliwa na upepo kutoka shamba hadi shamba. Mkulima anayefuatisha heksakonazoli kwa heksakonazoli, halafu penkonazoli, anaendelea kuwaondoa walio dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu, huku akiamini kwamba anabadilisha dawa.

Jambo la kubana kipimo linaingia hapohapo. Usugu dhidi ya jamii hii ya dawa mara nyingi hujengeka polepole, ngazi kwa ngazi, ambapo fangasi mwenye uvumilivu kidogo anahimili kipimo kidogo ingawa kipimo kamili kingemuua. Chupa ikiwa imechelewa au haitoshi miti yote, mkulima huongeza maji ili ifike mwisho wa shamba. Ninaelewa kabisa kwa nini anafanya hivyo, na silaumu, lakini kikemia anafanya mambo mawili kwa mkupuo: anapoteza mavuno ya mwaka huu na kuandaa vimelea wa mwaka kesho. Kwa hiyo suala la pembejeo kufika kwa wakati na kwa kiasi cha kutosha, ambalo magazeti huliandika kama habari ya ugawaji, ni suala la usugu pia.

Mtu anaweza kusema kwamba tiba yake ni rahisi: tuwafundishe watu kutazama kama jina linaishia na konazoli. Haitoshi, na hapa ndipo ile kemia ya jozi huru inapotusaidia kuona mbali. Triadimenoli yenyewe haina mwisho huo. Zipo pia dawa zenye pete nyingine: prokloraz ina pete ya imidazoli yenye naitrojeni mbili, fenarimoli ina pete ya pirimidini, pirifenoksi ina pete ya piridini yenyewe. Pete zote hizo zina naitrojeni yenye jozi iliyoelekea nje, na zote hushika chuma kilekile, kwa hiyo zinahesabiwa katika kundi moja na triazoli ingawa majina na maumbo yake yako mbalimbali. Kwa upande mwingine, azoksistrobini nayo ina pete ya pirimidini, lakini haishiki chuma cha CYP51 kabisa. Inazuia upumuaji wa seli ya fangasi mahali pengine, na kwa sababu hiyo ni dawa ya kundi tofauti kweli. Mwalimu wa kemia akitazama michoro anaweza kukisia, lakini haiwezekani kumtaka mkulima afanye kazi hiyo akiwa dukani.

Bahati nzuri kazi hiyo imekwisha kufanywa. Kamati ya kimataifa inayoshughulikia usugu wa dawa za fangasi imeyapa makundi hayo namba. Dawa zote zinazozuia hatua ile ya ergosteroli, ziwe triazoli, imidazoli, pirimidini au piridini, ni kundi namba 3. Azoksistrobini na jamii yake ni namba 11. Salfa imepewa herufi M na namba 02, herufi hiyo ikimaanisha kwamba inagonga sehemu nyingi. Mkulima asiyejua kusoma Kiingereza wala kuchora pete anaweza kusoma namba. Akiambiwa kwamba baada ya kupulizia namba 3 afuatishe na namba nyingine au salfa, ataelewa kwa sekunde moja kile ambacho mimi nimetumia kurasa kukieleza, na muuza duka hataweza kumpa chupa ya bluu badala ya nyekundu akamwambia ni kitu kipya.

Kuna sababu ya pili inayonifanya nisione jambo hili kuwa la mashamba pekee. Pete ya triazoli inatumika hospitalini. Flukonazoli, inayotibu utando mweupe wa kinywani na homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi kwa watu wenye upungufu wa kinga, ina pete mbili za triazoli na inafanya kazi kwa njia ileile ya kushika chuma cha CYP51. Itrakonazoli na vorikonazoli ni wa jamii hiyohiyo. Yupo fangasi wa kawaida wa udongo na majani yanayooza, Aspergillus fumigatus, ambaye mbegu zake tunazivuta kila siku bila madhara, lakini humshambulia mapafu mtu mwenye kinga dhaifu. Nchini Uholanzi na kwingineko madaktari wamewapata wagonjwa wenye fangasi huyo akiwa sugu tangu mwanzo, kabla hawajawahi kumeza dawa ya aina hiyo, na mabadiliko katika kimeng'enya chake yamehusishwa na matumizi ya triazoli mashambani. Mwaka 2014 watafiti waliripoti kumpata fangasi wa namna hiyo katika mazingira ya Tanzania pia. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya fangasi hatari mwaka 2022, lilimweka katika daraja la juu kabisa. Kwa hiyo anayepulizia zaidi ya inavyohitajika, au kwa mpangilio mbovu, anaigusa pia dawa ambayo jamaa yake aliyelazwa wodini anaitegemea.

Najua wako watakaosoma haya na kusema basi turudi kwenye salfa pekee. Siwaungi mkono. Salfa ya unga ikipuliziwa, sehemu kubwa haibaki kwenye maua bali huanguka chini, na bakteria wa udongo huigeuza kuwa asidi salfuriki. Udongo wa kichanga wa uwanda wa juu wa Makonde hauna uwezo mkubwa wa kuhimili asidi, na athari hiyo katika mashamba ya kusini imechunguzwa na watafiti tangu miaka ya 1990. Isitoshe unga huo husafiri na upepo, ukaingia machoni na kifuani mwa apuliziaye na wa majirani zake, na unataka alfajiri tulivu ambazo si kila siku zinapatikana. Dawa za triazoli hutumika kwa kiasi kidogo, huingia ndani ya jani na kukaa humo, na mvua ya ghafla haiziondoi kwa urahisi. Ni mali, na ninataka ziendelee kuwa mali wakati wanafunzi wangu wa leo watakapokuwa wamerithi mikorosho ya wazazi wao. Kuzitumia kwa kupokezana na salfa na makundi mengine, pamoja na kupogoa ili hewa na jua vipite na kuondoa machipukizi ya ndani ambayo ubwiriunga hujificha, ndiyo njia ninayoiona kuwa ya busara.

Ombi langu la kwanza ni kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo husajili dawa hizi: lebo ya kila dawa ya fangasi inayouzwa kwa wakulima wa korosho ibebe namba ya kundi kwa herufi kubwa, mbele ya chupa, pamoja na jina la kiambato na kipimo kwa Kiswahili. La pili ni kwa Bodi ya Korosho na vyama vya ushirika vya msingi: orodha ya pembejeo inayobandikwa ghalani isitaje majina ya biashara peke yake, bali ioneshe namba ya kundi, na ugawaji upangwe ili mkulima mmoja asipokee kundi namba 3 kwa raundi zote za msimu. Maofisa ugani wetu wanazifahamu namba hizi. Wanachohitaji ni karatasi inayokubaliana na maneno yao. La tatu ni kwa walimu wenzangu wa kidato cha tano na sita katika mikoa ya Mtwara na Lindi: tukimaliza benzini, tusiifunge sura hiyo kabla hatujaichora piridini, piroli na triazoli ubaoni, kwa kuwa watoto tunaowafundisha wanaishi katika nyumba ambazo chupa hizo ziko uvunguni mwa kitanda.

Kwako wewe, Ndugu Mhariri, naomba kila habari ya viuatilifu vya korosho itaje kiambato na namba ya kundi lake, hata kama ni kwenye mabano ya maneno matatu. Nimeandaa jedwali la ukurasa mmoja linaloonesha viambato vya dawa za fangasi nilivyovitaja katika barua hii, pete iliyomo katika kila kimoja na namba ya kundi lake, na niko tayari kulituma kwa ofisi yako lipitiwe na wataalamu wa Naliendele kabla ya kuchapishwa, ikiwezekana mapema kabla mikorosho haijaanza kutoa maua na watu hawajaanza kununua.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa kemia na mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara